Miguu Ilisema Kwanza

Mtu aliyekosa usingizi kwa miezi mingi hana nguvu ya kuhoji kidonge. Akipewa kinachomlaza anamshukuru Mungu, analala, na asubuhi anawaambia watu wa nyumbani kwamba safari hii amepata dawa. Ndiyo maana nataka kuwaeleza wasomaji wenzangu, hasa ndugu zangu wa Rasbura na ukanda wetu wote wa Lindi hadi Kilwa, habari ya dawa moja ya usingizi iliyowapata watu wa mbali zaidi ya miaka 60 iliyopita. Wengi wetu tukiisikia tunakumbuka watoto ambao mama zao waliitumia wakiwa na mimba, wakazaliwa na mikono mifupi, au bila mikono kabisa. Ni kweli, na habari hiyo haifai kusahauliwa. Lakini kabla dunia haijajua lolote kuhusu watoto hao, walikuwapo watu wazima, wengi wao wazee, waliokuwa wakiwaambia madaktari wao kwamba miguu inawasumbua. Wengi hawakusikilizwa.

Dawa yenyewe inaitwa thalidomidi. Iliingia madukani Ujerumani Magharibi tarehe 1 Oktoba 1957 kwa jina la Contergan, ikitengenezwa na kampuni ya Chemie Grünenthal ya mji wa Stolberg. Mwaka uliofuata ikafika Uingereza kwa jina la Distaval. Tuelewe kwanza kwa nini watu waliikimbilia. Dawa za usingizi za wakati ule zilikuwa za jamii ya barbiturati, na hizo ukizizidisha unaweza usiamke tena. Watu walikufa nazo, wengine kwa bahati mbaya, wengine kwa kujiua. Sasa ikaja dawa ambayo wanyama wa maabara walipewa kwa wingi wa kutisha na hawakufa. Kampuni ikaitangaza kuwa haina sumu. Ujerumani iliuzwa bila cheti cha daktari, na ya maji ilikuwapo kwa ajili ya watoto wanaosumbua usiku. Daktari aliyemwambia mgonjwa wake aache vidonge vya zamani ashike hivi vipya alikuwa anamtakia mema. Kwa yote yaliyojulikana siku ile, kubadilisha dawa lilikuwa jambo la busara.

Shida iliwaanza wale walioitumia kila usiku kwa muda mrefu. Na ni nani anayetumia dawa ya usingizi kila usiku kwa muda mrefu? Mara nyingi ni mtu mwenye maradhi ya kudumu, anayekoseshwa usingizi na maumivu, na kwenda haja usiku, na kifua, na mawazo ya ugonjwa wenyewe. Watu hao walianza kusikia vidole vya miguu vinakufa ganzi. Baadaye kuchomachoma kama wanaokanyaga miiba, kisha miguu ikawaka moto, na usiku misuli ikawakaza.

Kuna sababu ya miguu kutangulia. Mishipa ya fahamu iliyo mirefu kuliko yote mwilini ni ile inayotoka chini ya uti wa mgongo mpaka ncha za vidole vya miguu, na kwa mtu mzima urefu wake unafika karibu mita moja. Kiini kinachoulisha mshipa kiko huku juu, karibu na mgongo, na ncha yake iko mbali kabisa. Kwa hiyo kitu kinachodhuru mishipa hii, iwe sukari iliyozidi kwenye damu, pombe ya miaka mingi, upungufu wa vitamini B12 au dawa, kwa kawaida huonyesha makali yake kwanza pale mwisho. Ganzi inaanzia vidoleni, inapanda hadi kifundo cha mguu, na ikikaribia magoti, vidole vya mikono navyo huanza. Mtu akikueleza maumivu yenye mwendo huo, anakueleza jambo linalojulikana, wala hajabuni.

Mwaka 1959 daktari wa mishipa ya fahamu wa mji wa Düsseldorf, Ralf Voss, aliiandikia kampuni kuuliza kama dawa hii inaweza kudhuru mishipa hiyo. Alikuwa na mgonjwa mwenye dalili hizo. Akajibiwa kwamba hakuna jambo la namna hiyo linalojulikana, ilhali malalamiko mengine yalikuwa yameshafika kwenye kampuni. Mwaka 1960 akasimama mbele ya madaktari wenzake akaeleza aliyoyaona.

Mwisho wa mwaka huo huo, tarehe 31 Desemba 1960, jarida la British Medical Journal lilichapisha barua fupi kutoka Turriff, mji mdogo wa kaskazini mashariki mwa Uskoti. Aliyeiandika alikuwa Leslie Florence, daktari wa kawaida wa watu wa mji, si bingwa wa hospitali kubwa. Alieleza habari za wagonjwa wake wanne waliokuwa wametumia thalidomidi kwa muda mrefu. Ganzi na kuchomachoma, kwanza miguuni kisha mikononi. Vidole kuwa baridi na kupauka hata pasipo na baridi kali. Kuyumba kidogo katika kutembea. Na usiku, misuli ya miguu kukaza kwa maumivu. Aliuliza kama dawa ndiyo ya kulaumiwa, na kama wenzake nao wameona mambo hayo. Katika barua hiyo hiyo alikiri kwamba kwa kulaza, dawa ilikuwa nzuri sana, wala haimwachi mtu na uchovu asubuhi.

Sentensi yake hiyo kuhusu uzuri wa dawa ndiyo ninayoirudia kila mara. Huyu alikuwa mtu aliyeipenda dawa yake. Ilikuwa imewasaidia wagonjwa wake kupata kile walichokuja kukitafuta. Na bado hakuuachia uzuri wake uzibe masikio yake. Aliweza kushika mambo mawili kwa pamoja: usingizi umepatikana, na miguu inaumia.

Wengine wengi hawakuweza, na tusiwahukumu haraka, maana dalili zile zilikuwa na mengi ya kuzifunika. Dawa ilikuwa inafanya kazi yake, na dawa inayofanya kazi hupewa imani. Wagonjwa walikuwa watu wazima wenye maradhi yao, hivyo kila maumivu yalikuwa na maelezo tayari: umri, mzunguko wa damu, baridi yabisi. Tena madhara hayakuja usiku ule wa kwanza. Yalikuja baada ya miezi, na ni wachache wanaoweza kuunganisha msuli uliokaza leo na kidonge kilichoanzwa mwaka jana. Halafu kila mgonjwa alikuwa peke yake na kila daktari alikuwa na mgonjwa mmoja au wawili. Aliyekuwa na barua zote mezani ni kampuni, nayo ilikuwa na biashara ya kulinda.

Sijitoi katika hili. Kama ningekuwa nimekesha nusu mwaka nikihesabu adhana, kisha nikapewa kidonge kinachonipa usiku mzima wa usingizi, mtu akaniambia kwamba kidonge hicho ndicho kinachoniwasha nyayo, ningekitetea. Ningesema ni viatu. Ningesema ni kusimama sana. Kila mmoja wetu ana kitu alichokikosa muda mrefu, na akikipata hataki kusikia bei yake.

Barua ya Turriff ilisomwa mbali. Marekani, mamlaka ya dawa ilikuwa imempa daktari mmoja mgeni kazini, Frances Kelsey, maombi ya kampuni iliyotaka kuuza dawa hiyo huko. Aliisoma barua hiyo Februari 1961, akaiuliza kampuni kuhusu mishipa ya fahamu ya miguu, na hakuridhika na majibu. Kisha akaenda hatua moja mbele: kama dawa hii inadhuru mishipa ya mtu mzima, inamfanyaje mtoto aliye tumboni? Walimsukuma, walimpigia simu, walimlalamikia kwa wakubwa wake. Alikataa kutia sahihi. Kwa ajili hiyo dawa haikupata ruhusa ya kuuzwa Marekani, na mwaka 1962 Rais Kennedy alimvisha nishani. Watoto wengi wa nchi ile walizaliwa na viungo vyao kwa sababu mtu mmoja alisoma habari za miguu ya wagonjwa wanne akazichukulia kwa uzito.

Kwingine haikuwa hivyo. Ujerumani dawa iliendelea kuuzwa mpaka mwishoni mwa Novemba 1961, daktari wa watoto wa Hamburg, Widukind Lenz, alipotoa habari za watoto waliozaliwa na kasoro. Kufikia hapo ilikuwa imeshauzwa katika nchi 46. Watoto walioathirika ulimwenguni walizidi 10,000, na wengi wao walikufa wachanga. Watu wazima walioharibika mishipa ya fahamu Ujerumani peke yake hukadiriwa kuwa wapatao 40,000, na wengine ganzi hiyo haikuwaachia mpaka mwisho wa maisha yao. Kati ya swali la Voss na siku dawa ilipoondolewa ilipita miaka miwili hivi. Kina mama walioimeza katika wiki zile za mwanzo za mimba, ndani ya miaka hiyo miwili, wangeweza kuokolewa na miguu ya watu wasiowajua.

Sasa turudi kwetu. Thalidomidi hauikuti katika duka la dawa kama dawa ya usingizi, kwa hiyo nisimtie mtu hofu isiyo na mahali. Ilirudi katika tiba kwa mlango mwingine: mwaka 1964 daktari Jacob Sheskin wa Jerusalem alimpa mgonjwa wa ukoma ili alale, akaona vidonda na maumivu ya mgonjwa yanatulia. Tangu hapo imetumika katika nchi mbalimbali kwa mchafuko mkali unaowapata baadhi ya wagonjwa wa ukoma, na baadaye kwa saratani ya uboho. Inatolewa kwa masharti makali, mwanamke mwenye mimba haruhusiwi kuigusa, na mgonjwa anayeitumia huulizwa habari za miguu yake kila anapofika. Walijifunza.

Sisi je? Tumchukue mama mmoja wa mfano, wa Rasbura hii hii, mwenye umri wa zaidi ya miaka 60. Ana sukari ya muda mrefu na ana presha. Kila mwezi anapanda bodaboda kwenda kliniki, Hospitali ya Sokoine, na daftari lake ndani ya mfuko wa nailoni. Siku moja alimweleza daktari mambo mawili kwa pumzi moja: halali, na usiku nyayo zinamwaka. Akaandikiwa amitriptilini, kidonge kimoja cha usiku. Akaambiwa itamsaidia usiku. Naye tangu siku hiyo anakiita kidonge hicho dawa ya usingizi, na watu wote wa nyumbani wanakiita hivyo.

Hakukosea kusikia. Ila hakuambiwa, au aliambiwa na foleni ikamsahaulisha, kwamba kwa kipimo kidogo dawa hiyo hutolewa pia kwa ajili ya maumivu ya mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sukari. Ilikuwa inafanya kazi mbili, na yeye alikuwa anajua moja tu.

Amitriptilini ina kero zake. Inakausha kinywa, inafunga choo, na mzee akiamka nayo kwenda kutawadha anaweza kuona kizunguzungu. Basi siku moja vidonge vimekwisha, kliniki bado wiki mbili, anakwenda dukani.

"Mwanangu, ile dawa yangu ya usingizi inanikausha mdomo. Huna nyingine?"

"Ipo, mama. Hii wengi wanaitumia, utalala vizuri."

Anapewa dawa ya mzio, ile ambayo watu wanameza wakiwa na mafua na inawalaza. Hakuna aliyekusudia ubaya hapo. Mama analala. Wiki ya kwanza anashukuru. Wiki ya pili miguu inaanza: moto kwenye nyayo, shuka haivumiliki ikigusa vidole, na miguu yenyewe haitaki kutulia, inamlazimisha ainuke azunguke uani usiku wa manane.

Anasema ana maumivu mapya. Kwa kweli yanaweza kuwa mambo mawili yaliyokutana. La kwanza ni maumivu ya zamani yaliyokuwa yamefunikwa, na mfuniko umeondolewa. La pili ni kwamba baadhi ya dawa za mzio zinazoleta usingizi, promethazini ikiwa mojawapo, zinaweza kuchochea ile hali ya miguu kutotulia usiku. Mwenye kuweza kuyatenganisha ni daktari, tena ikiwa tu ameambiwa kwamba dawa imebadilishwa, na lini.

Nyumbani hakuna anayetaja kwamba dawa imebadilishwa. Mkwe anasema ni sukari tu, mama. Jirani anasema ni upepo wa kusi. Kaka yake wa Kilwa anapiga simu anasema ni uzee, hata yeye inamuuma. Majibu yote hayo yana ukweli ndani yake, na hapo ndipo hatari ilipo: yanatosha kumnyamazisha mtu.

Kisha inakuja huruma. Binti anabandika maji, anayatia chumvi, anayamimina kwenye beseni na kuyajaribu kwa kiganja kilichozoea kushika sufuria. Mama anatia miguu. Anakaa kidogo, halafu anasema, "Mwanangu, ongeza ya moto, haya yamepoa." Binti anaongeza.

Ningekuwa na uwezo wa kusimama kwenye mlango wa kila nyumba jioni, ningekuja kuzuia mkono huo. Maji hayajapoa. Mguu ndio uliopoteza fahamu. Mtu mwenye sukari anayesema maji ya moto hayana moto, au ambaye kandambili inamtoka mguuni njiani asijue mpaka aambiwe, au anayekuta damu mchangani asikumbuke kukanyaga kitu, ametoa habari kubwa kuliko maumivu yote. Kesho yake lengelenge, baada ya siku chache kidonda, na kidonda cha mguu wa mwenye sukari tunajua kimewafikisha wangapi kwenye kukatwa. Msiwakande kwa maji ya moto watu wenye sukari. Msiwawekee chupa ya moto, msiwaoteshe moto wa mkaa. Akitaka kunawa, maji yawe ya vuguvugu na yajaribiwe kwa kiwiko, ayajaribu mtu asiye na sukari.

Tukirudi kwenye vidonge, nisingependa mtu asome haya akaenda kutupa dawa zake. Hilo nalo lina madhara. Mtu aliyetumia diazepamu kwa muda mrefu, ile tunayoiita Valium, akiiacha ghafla anaweza kutetemeka, misuli ikamkaza, usingizi ukapotea kuliko mwanzo, na wengine wakashikwa na degedege. Hiyo ni dawa ya cheti, na kuachwa kwake pia kunahitaji maelekezo, kidogo kidogo. Wala si kila mguu unaouma umeumizwa na dawa ya usingizi. Mwenye maradhi ya kudumu ana vidonge vingi mkononi: amlodipini ya presha inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, dawa za kukojoza maji zinaweza kupunguza chumvi za mwili mpaka misuli ikakaza, dawa za kushusha lehemu zinaweza kuumiza misuli, na metformini ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, ambayo upungufu wake huleta ganzi ile ile ya vidoleni. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia isoniazidi hupewa vitamini B6 kwa ajili hiyo hiyo ya kulinda mishipa. Ukiyatazama haya yote unaona kwa nini jibu la "ni uzee" ni la uvivu. Linafunga mlango kabla mtu hajaangalia ndani.

Kipo pia kisichoweza kusubiri kliniki. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hasa kigimbi, ukawa na joto kuliko mwenzake, inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa. Kipande kikikatika kinakwenda kwenye mapafu, na mtu anaanza kukosa pumzi au kubanwa kifua. Mguu ukigeuka baridi na kupauka ghafla kwa maumivu makali, damu imezuiwa kufika. Maumivu ya miguu yakija pamoja na mgongo, na mtu akashindwa kuzuia mkojo au akafa ganzi sehemu za siri, huenda mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo imebanwa. Katika hayo hakuna kuchua, hakuna kusubiri asubuhi. Kama uko Ng'ambo ya Kitunda, tafuta chombo uvuke kuja Lindi usiku huo. Kama uko Kilwa Kivinje, Hospitali ya Kinyonga haiko mbali.

Kwa mengine yote, kinachohitajika ni tarehe. Hiki ndicho alichokuwa nacho daktari wa Turriff, na ndicho mama wa Rasbura alichokosa. Siku dawa inapobadilishwa, iwe na daktari, iwe na muuza duka, iwe na jirani aliyekugawia vyake, mtoto anayejua kuandika aiandike nyuma ya daftari la kliniki: jina la dawa iliyoachwa, jina la dawa iliyoanzwa, tarehe. Siku maumivu yanapoanza, tarehe nyingine chini yake. Pakiti tupu zisitupwe. Zitiwe mfukoni pamoja na zilizojaa, na pamoja na mizizi na majani ya kuchemsha, bila kuona haya, maana daktari hawezi kupima asichokiona. Na viatu vivuliwe hata kama hajasema. Foleni ni ndefu, naye ana watu wengi nyuma yako. Mwonyeshe nyayo.

Muuza duka naye ana sehemu yake. Mteja akitaja dawa ya usingizi, swali la kwanza liwe: una sukari, una presha, unatumia nini kingine? Na akisema dawa aliyokuwa nayo ni amitriptilini, amwulize aliandikiwa kwa sababu gani. Asiyejua amrudishe kwa aliyeiandika.

Jambo la mwisho watu wengi hawalijui. Baada ya msiba wa thalidomidi, Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 1968 mpango wa nchi mbalimbali kukusanya habari za madhara ya dawa mahali pamoja, ili zisibaki tena kwenye meza ya muuzaji peke yake. Tanzania imo katika mpango huo tangu 1993. Kwetu kazi hiyo iko mikononi mwa mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, na hospitalini ipo fomu ya njano ambayo mhudumu hujaza anapoona dawa imemletea mgonjwa jambo lisilotarajiwa. Si lazima kuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyokosa. Kushuku kunatosha, kama Florence alivyoshuku. Mgonjwa ana haki ya kuomba fomu hiyo ijazwe: umri wake, maradhi aliyonayo, dawa zote anazotumia, siku ya kuanza, siku miguu ilipoanza. Mguu mmoja wa Rasbura, mwingine wa Nachingwea na mwingine wa Kilwa, kila mmoja nyumbani kwake ataambiwa ni uzee. Zikikaa fomu tatu kwenye meza moja ya TMDA huko Dodoma, mtu atauliza.